Shemeji Orrin na Kengele Iliyofifia

Dada yangu Ardith aliolewa na mwanamume asiyelewa, asiyecheza kamari wala kutazama wake za watu, na mama yetu alimshukuru Mungu kwa hilo. Hakuna aliyemchunguza bwana harusi kama ana mapenzi mengine. Na hata tungemchunguza, nani angekumbuka kuuliza habari za kengele za reli?

Shemeji Orrin Tvedt alikuwa mpeleka barua wa vijijini. Njia yake ilizunguka mashamba ya mahindi yaliyouzunguka mji wetu wa Nordlie, na ilikatana na reli kila baada ya mwendo mfupi. Mtu mwingine akisimamishwa na treni ya nafaka huzima gari, hula mkate wake na kuwatukana wenye reli. Orrin yeye alianza kutazama taa. Akaona kivuko hiki, yaani pale barabara inapokata reli, kina taa ndogo na kile kina kubwa, geti la huku ni la mbao na la kule ni la plastiki ngumu. Akaona kengele nyingine inagongwa na nyundo juu ya chuma, na nyingine ni kisanduku tu kinachotoa mlio wa kutengenezwa. Kisha siku moja alifika kwenye kivuko alichokizoea akakuta taa za zamani zimeng'olewa na mpya zimewekwa, wala hakuna aliyempa taarifa. Alirudi nyumbani amenuna kama aliyefiwa. Wiki ileile akanunua kamera.

Tangu hapo kazi yake ikawa kurekodi kila kivuko jinsi kilivyo, kisha kukirudia kila mwaka aone kimebadilika nini. Barua alizipeleka kwa kuwa zilikuwa njiani.

Fungate lao walikwenda Duluth kuliona ziwa. Ardith anasema ziwa lipo, maana watu walioliona wamemhakikishia.

Usidhani Orrin yuko peke yake. Wamejaa nchi nzima, wanaume wazima wenye pensheni na mashati ya mirabaraba, na huko mtandaoni wanaonyeshana vivuko kama wengine wanavyoonyeshana picha za wajukuu. Wanaweza kununiana msimu mzima kwa sababu ya upana wa kioo cha taa. Wana sheria moja isiyovunjwa: kengele ikianza kulia, binadamu anyamaze. Tangu taa inapowaka mpaka geti linapoinuka, hakuna kukohoa, hakuna chafya, hakuna mke. Rekodi isiyo na sauti ya mtu wanaiita mlio safi, na kwa mlio safi mtu hupewa heshima ambayo nyumbani kwake hajawahi kuiona.

Basi dada yangu akajifunza kunyamaza. Ardith huyu alikulia kwenye zizi la ng'ombe wa maziwa, na akiliita kundi letu jioni hata ng'ombe wa jirani walikuja. Mtu wa sauti hiyo alikaa garini, dirisha limepandishwa, akifuma sweta. Treni za kwetu ni ndefu. Mji mzima umevaa sweta zake.

Nyumba yao iko Mtaa wa Locust, ubavuni mwa kivuko, na hapo ndipo kilipokuwa kipenzi cha Orrin. Ilikuwa kengele ya nyundo, ya chuma kizito, iliyokwishatoweka kila mahali kwenye reli yetu isipokuwa hapo. Ililia taratibu, mlio mnene, kama sufuria ya shangazi inayogongwa kuwaita watu mezani. Tuliizoea kiasi kwamba tulikuwa tunaisikia pale tu ilipokuwa haijalia.

Halafu, kwa mujibu wa Orrin, kengele zikaanza kufifia.

Alitutangazia Jumapili moja baada ya kanisa, sahani ziko mezani. Alisema kampuni ya reli inazipunguza sauti kengele zake kidogo kidogo ili watu wasishtuke. Ushahidi anao: kila mwaka anasimama palepale, na kila mwaka mlio ni hafifu kuliko mwaka uliopita. Si Locust tu, njia nzima. Hata honi za treni, alisema, siku hizi zinalia kwa aibu. Akaenda kulinganisha na rekodi zake za zamani, akakuta nazo zimefifia. Mtu mwingine angeishia hapo, akakaa chini akajikuna kichwa. Shemeji yangu akagundua kwamba rekodi nazo huzeeka. Akapandisha sauti ya mashine yake mpaka mwisho, akanunua hedifoni kubwa za kufunika masikio, akaendelea na utafiti.

Nyani haoni kundule. Mji mzima tulikuwa tunaliona. Harlan Moe, mwenye duka la misumari na rangi, ambaye pia ni meya wetu, alimuuliza mahindi yanaendeleaje, Orrin akamjibu, "Jumanne." Televisheni yake niliisikiliza kutoka barazani kwangu, ng'ambo ya barabara, nikaacha kununua ya kwangu. Ardith alipomwambia akapimwe masikio, alijibu kwamba masikio yake yana uzoefu kuliko ya daktari yeyote, na kwamba tatizo ni wanawake wa ukoo wetu, tukizeeka tunaongea kama tuna uji mdomoni.

Sisi! Baba yetu alikuwa akitusihi tusinong'onezane kanisani kwa sababu mchungaji alikuwa anasahau mahubiri.

Lakini nani wa kumfunga paka kengele? Watu wa Nordlie tuna ugonjwa wetu. Hatumwambii mtu neno la kumtia unyonge mbele ya chakula, na sisi muda wote tuko mbele ya chakula. Ukimwuliza mtu wa hapa hali yake, naye mguu umevunjika, atakwambia si mbaya sana. Nyumba yako ikiungua tutasimama uani na kahawa zetu tukisema afadhali usiku utakuwa na joto. Kwa hiyo Orrin alipolalamika kwamba kengele imefifia, watu waliitikia kwa kichwa wakasema, enhe, huenda, kwa mbali. Tukadhani tumemfanyia wema.

Wema huo nusura umuue. Vuli ile, mahindi yakiwa yanavunwa, alikwenda kurekodi kivuko cha mashambani, akasimama karibu na reli kuliko inavyoruhusiwa, mgongo ameupa njia. Nyuma yake likaja gari dogo la matengenezo, lile linalokimbia juu ya reli, dereva kaegemea honi. Orrin hakugeuka. Dereva alikanyaga breki mpaka magurudumu yakatoa cheche, na shemeji yangu alishtuka alipohisi upepo kwenye shati. Jioni alitusimulia mwenyewe, kwa furaha kabisa, kama ushahidi mpya. Alisema sasa imedhihirika: honi zimedhoofika mpaka zinahatarisha maisha ya watu.

Ardith alikuwa anaosha bakuli. Aliliosha lile bakuli moja muda mrefu mno. Nilipomfuata jikoni aliniambia, taratibu, kwamba mwaka huu atakuwa mjane, na kwamba tayari anajua nani ataleta viazi vya kuoka msibani na nani ataleta saladi ya maharage. Nilimwambia amlazimishe kwenda kwa daktari. Alisema amemwambia kwa upole, amemwambia kwa ukali, amemwandikia kwenye karatasi akaibandika kwenye friji. Orrin aliisoma, akasema ni mambo ya kufikiria, akaandika chini yake, "Maziwa yameisha."

Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema. La huyu lilikuwa halisikii hata treni.

Orrin sasa akapata ari. Akaandika malalamiko kwa kampuni ya reli, akapita nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi. Watu walitia sahihi, maana alikuja na kalamu nzuri na sura ya unyenyekevu, na Ardith hakuwepo. Na mimi nilitia. Sikupenda, lakini jina la jirani yangu lilikuwa tayari pale juu, na sikutaka aonekane mtu mwema kuliko mimi.

Kampuni ikamtuma mama mmoja kijana, mpole, aliyekuja na kipimo cha sauti. Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, kwa kahawa na lefse, zile chapati zetu za viazi zenye siagi na sukari. Yule mama akaeleza, kwa unyenyekevu kama anaomba radhi, kwamba ameipima kengele ya Locust na inalia vilevile kama siku ilipofungwa, na anao vipimo vya zamani vya kuthibitisha. Nilimwona Ardith amekaa kwenye ukingo wa kiti, anatutazama mmoja mmoja. Alikuwa anangoja mtu mmoja tu, yeyote, aseme.

Harlan akakohoa. Akasema kwamba kipimo ni kipimo, lakini masikio ya watu nayo ni kitu, na labda, kwa mbaaali, imepungua. Mchungaji akasema hata yeye juzi hakuisikia vizuri. Juzi mchungaji alikuwa safarini, mji wa Fargo. Mimi nilikuwa na lefse mdomoni, nikaona ni bora niendelee kuitafuna. Ardith akaegemea kiti chake, akatoa uzi, akaanza kufuma.

Yule mama mpole alitutazama, mji mzima unatabasamu, akaelewa kwamba ni rahisi kubadilisha kengele kuliko kubishana nasi. Haikuchukua muda jibu likaja. Kampuni imesikia kilio cha wananchi. Kengele ya zamani ya Mtaa wa Locust itaondolewa, na mahali pake itafungwa mpya ya umeme, yenye nguvu maradufu.

Orrin alikaa kwenye ngazi za baraza na ile barua magotini. Nilivuka barabara nikakaa naye, nikalazimika kumuuliza mara tatu vipi.

"Mimi niliwaomba waipandishe sauti, shemeji," akasema. "Sikuwaambia waiondoe."

Nilimwonea huruma, nikakasirika kwa kumwonea huruma. Huyu mtu alikuwa amezunguka maisha yake yote akililia taa na kengele zilizoondolewa na wengine, na ya mwisho ameiondosha mwenyewe, kwa sahihi zetu.

Basi ikabaki jambo moja, kurekodi mlio wake wa mwisho. Mafundi wangekuja asubuhi ya Alhamisi. Treni ya mwisho ya kuipita kengele ile ingekuwa ya nafaka, Jumatano baada ya chakula cha mchana. Huko mtandaoni wenzake walikuwa wanaisubiri rekodi hiyo kama wengine wanavyosubiri matokeo ya uchaguzi, na mzee mmoja wa Ohio, Dwight Pfluger, alikuwa amemtumia ujumbe wa kumkumbusha sheria: mlio safi, ndugu yangu, huo hauna marudio.

Jumatano ikafika, jua limepoa, mabua ya mahindi yamebaki wima. Orrin aliweka kamera upande wetu wa reli, kwenye stendi yake ya miguu mitatu, safari hii kwenye mstari unaoruhusiwa kwa sababu Ardith alimshika koti akamrudisha. Ng'ambo ya reli, upande wa madukani, watu walisimama kuaga: Harlan na mbwa wake, mchungaji, wanakwaya waliokuwa hawana pa kwenda. Orrin alikuwa amewapitia wote kuwaomba wanyamaze. Harlan alimshika mbwa mdomo ili kuonyesha kwamba ameelewa.

Taa zikawaka. Kengele ikaanza. Mageti yakashuka.

Kabla treni haijafika kuna kitambo ambapo kengele inalia peke yake, hakuna injini wala mabehewa. Kwa hawa watu kitambo hicho ndicho kila kitu. Orrin alikuwa ameinama kwenye kamera, jicho kwenye kioo, uso umelainika. Ardith alikuwa nyuma yake na mimi nilikuwa kando ya Ardith. Nikamwona anaiweka sweta chini kwenye nyasi, anasimama wima, anavuta pumzi kama enzi zile mlangoni mwa zizi. Nikajua, nikataka kumziba mdomo, nikashukuru sikuwahi.

"Orrin!" dada yangu akaita, na ile ilikuwa sauti yenyewe, ya kuitia ng'ombe. "Niko nyuma yako. Nikinyoosha mkono nakushika shati. Watu wote ng'ambo wamegeuka kunitazama, wewe hujageuka. Kengele haijapungua, mume wangu. Ni masikio yako. Mji mzima unajua, tumekudanganya kwa adabu. Treni itakuua, halafu hawa wote wataniletea viazi vya kuoka. Sivitaki. Nakutaka wewe."

Ng'ambo kila kichwa kilikuwa kimeelekea kwake. Mchungaji alivua kofia. Mbwa wa Harlan, ambaye mdomo wake ulikuwa bado umeshikwa, aligeuka naye, akasimamisha masikio yote mawili. Orrin hakutikisika. Alikuwa anatabasamu ndani ya kioo cha kamera yake.

Kisha treni ikaja ikatutenganisha na wao, behewa kwa behewa, nafaka ya wilaya nzima, na Ardith akaokota sweta yake akaipangusa majani. Lilipopita la mwisho na mageti yakainuka, Orrin alingoja kengele inyamaze, akaongeza kimya kidogo kama sheria yao inavyotaka, akazima kamera. Akageuka. Macho yalikuwa yamelowa.

"Safi," akatwambia. "Hata nzi hakukohoa."

Ng'ambo ya reli watu wazima walikuwa wanachunguza viatu vyao. Harlan akapunga mkono, akapaza sauti kwamba ilikuwa si mbaya sana.

Tulirudi nyumbani kwao, Ardith akaweka kahawa jikoni, tukakaa. Orrin aliingia kwenye chumba chake, akavaa zile hedifoni zake, sauti mpaka mwisho, kuukagua mlio kama alivyozoea. Mlango ulikuwa wazi, tukawa tunaona mgongo wake. Ukanyooka. Ukabaki hivyo. Akarudisha video mwanzo, akaitazama tena, na tena. Ardith alinishika mkono chini ya meza, mkono wa baridi, na sisi si watu wa kushikana mikono.

Alitoka hedifoni zikiwa shingoni.

"Kuna mwanamke anaongea kwenye rekodi yangu," akasema.

"Najua," Ardith akamwambia, kwa sauti ya kutosha safari hii.

"Hata mbwa wa Harlan aligeuka."

"Aligeuka."

Akavuta kiti akakaa. Tazama mambo: maneno ya mkewe hayakumwingia, karatasi ya friji haikumwingia, gari la reli lililompuliza shati halikumwingia. Lakini mbwa, kwenye video, ndani ya kitambo cha kengele peke yake! Huo ni ushahidi, na huyu ni mtu wa ushahidi. Alitazama dirishani, kule kengele yake ilikoning'inia usiku wake wa mwisho ukikaribia.

"Kwa hiyo ilikuwa vilevile," akasema.

"Vilevile, mume wangu."

"Basi nimeiua bure."

Hapo ndipo nilipotaka kusema jambo la kufariji, kwamba si mbaya sana. Ardith alinitazama. Nikanywa kahawa.

Alhamisi mafundi waliing'oa, na Orrin hakutoka kurekodi, kwa sababu Ardith alikuwa anamwendesha kwenda mji mkubwa kwa daktari wa masikio. Alirudi na vidude viwili vidogo nyuma ya masikio na hasira za mtoto mchanga. Friji, alisema, inanguruma. Viatu vya Ardith vinaburuzika. Na mimi, kumbe, nimekuwa nikimsema akiwa amekaa palepale. Kisha ikapita treni ya kwanza, na kengele mpya ya umeme ikalia nje ya dirisha lake kwa zile nguvu maradufu alizotuombea, na Orrin akaruka kutoka kitini, akatoka barazani akauliza nani kaleta balaa hili. Harlan alikuwa anapita na mbwa. Akamwambia kwamba watu wataizoea, kwa mbaaali.

Rekodi ya mwisho ya Locust ilikaa kwenye mashine yake siku kadhaa. Angeweza kuipunguza ile sauti, ana ujuzi huo, au angeikata ianzie kwenye treni. Wenzake walikuwa wanaidai. Jumapili, baada ya kanisa, akaipandisha mtandaoni nzima, kama ilivyo, na kwenye maelezo, chini ya jina la kivuko na aina ya kengele, akaongeza kwa mkono wake: "Sauti ni ya mke wangu, Ardith Tvedt."

Dwight Pfluger wa Ohio ndiye aliyejibu kwanza. Aliandika kwamba picha ni nzuri na kengele ni nadra sana, ila pole kwa huyo mama anayepiga kelele, ameharibu sehemu yenyewe. Akauliza, kwa heshima, kama Orrin hana nyingine ya kivuko hicho isiyo na sauti ya huyo mama.

Orrin hakumwonyesha Ardith jibu lake. Alinionyesha mimi, akitaka kujua kama ni kali mno. Nilimwambia alitume kabla tabia za kwetu hazijamrudia.

"Ninazo," alikuwa ameandika. "Za miaka yote. Hizo ndizo zilizoharibika."